Vita vya Mkono wa Kushoto wa Bettan

Jongeeni enyi wenye masikio, na wenye sindano ziwekeni chini msije mkajidunga, niwasimulie habari za Hegvald mwana wa Botvid, fundi wa mabomba, jemadari wa kastabini, simba wa pindo, aliyesimama mezani pa jikoni kwake, mjini Visby katika kisiwa cha Gotland, akapigana na mkono wa gauni usiozidi urefu wa kidole chake cha kati. Wako waliopigania falme, nao wamesifiwa vya kutosha. Huyu alipigania nguo ya mwanasesere, na mimi, jirani niliyekuwa nimeketi pale nikinywa kahawa yake, ndiye shahidi.

Chanzo cha vita kilikuwa aibu. Kila Agosti mji wetu huvaa mavazi ya Zama za Kati kwa wiki nzima, na siku ya kwanza watu huingia langoni kwa maandamano. Mwaka jana Disa, binti wa Hegvald, aliandamana na wanasesere wake watatu, magauni yao yamefungwa mgongoni kwa utepe wa kunata. Shangazi yake Solbritt, malkia wa chama cha washonaji, ana desturi ya kufunua pindo la kila amkutaye na kukagua mshono. Kwetu huo si utovu wa adabu, ndiyo salamu yenyewe. Akamsalimu Bettan, mmoja wa wanasesere hao, akaubandua ule utepe, krrr, mbele ya umati, akatangaza kwamba enzi hizo takataka hiyo haikuwapo. Watu walicheka. Disa akamficha Bettan chini ya joho mpaka jioni, na tangu siku hiyo Bettan hakutoka nje. Safari hii mtoto alitoa tamko: Bettan asipovaa kwa haki, na yeye haendi.

Basi Hegvald, ambaye viganja vyake vilizoea spana, akaanza kupaka uzi nta. Cherehani aliifungia kabatini kama msaliti. Alishona gauni la Disa kwa sufu ya buluu, mshono kwa mshono, majira ya baridi hadi ya joto, na vipande vilivyobaki akawakatia wanasesere, maana katika kazi hiyo hakitupwi kitu. Majken na Pyttan, wanasesere wa kitambaa, walisalimu amri bila damu kumwagika, isipokuwa ya shujaa mwenyewe. Akabaki Bettan wa plastiki, Bettan mwenye vidole vilivyotanuka, asiyekunja kiungo mbele ya mwanadamu.

Asubuhi ya maandamano ndipo mapambano yalipopamba moto. Hegvald alikuwa ametii sheria ya chama, kwamba mkono wa gauni ubane kama ngozi, akasahau kwamba ngozi haivaliwi. Mkono wa kulia ulipita kwa hila ya kumvika Bettan mfuko wa nailoni kiganjani. Wa kushoto uligoma. Kidole gumba kilisimama kama mlinzi wa boma, kikaurudisha nyuma mfuko, kikairudisha sabuni, kikairudisha hata siagi niliyoshauri mimi. Hapo shujaa akamshika adui mabega na kumhutubia.

"Bettan," alisema, "mimi nimezibua mabomba yaliyoganda barafu. Nimeingia mitaro ambayo panya wenyewe waliihama. Leo unanishinda wewe, kwa kidole gumba ambacho hata hukitumii?"

Mimi, kwa udhaifu wangu, nikanong'ona kwamba utepe wa kunata bado umo drooni, na nani atajua.

"Mimi nitajua," alisema Disa.

Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa tayari, nywele zimesukwa. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililotuuma. Hegvald akatwaa mkasi, akaufumua mkono ule kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Disa alikuwa ameuzungushia mkono wa Bettan kile kitambaa na kukibana kwa vidole vyake.

"Mshonee humo humo, baba," alisema. "Atalala na gauni lake."

Akamshonea humo humo, jasho likimdondoka, na kengele za kanisa kuu zikianza kulia.

Langoni Solbritt alikuwa akingoja, miwani puani, pindo la kwanza la siku likiwa tayari mkononi mwake. Alimfunua Disa, hakupata neno. Akawafunua Majken na Pyttan. Akafika kwa Bettan, akaukagua mkono wa kushoto, akautafuta mwanya asiuone.

"Huyu umemshonea nguo mwilini?"

"Ndiyo, dada."

Solbritt alivua miwani. Akasema kwamba wanawake wa enzi zile walishonewa mikono ya gauni mwilini kila asubuhi na kufumuliwa jioni, kwamba chama kimehubiri jambo hilo miaka yote, na hakuna aliyethubutu. Sauti yake ilipungua kidogo.

Ndipo Disa akaomba na yeye amsalimu shangazi. Desturi ni desturi. Solbritt akainua mkono. Mtoto akafunua mshono wa kwapani, na pale, nyeupe, ya plastiki, yenye meno makubwa, ikaonekana zipu.

Tuliiona watu wanne tu, na Bettan. Uso wa Solbritt uliiva, ukawa mwekundu kama kiazisukari. "Bega langu, mwanangu," alinong'ona. "Halipandi tena kama zamani."

Nyuma yetu umati mzima ulikuwa unangoja hukumu. Disa akaushusha mkono wa shangazi yake taratibu na kuulainisha kwa kiganja.

"Mshono mzuri, shangazi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Kisha, kwa chini: "Bettan hasemi."

Wakaingia mjini, ngoma zikipigwa, Bettan juu ya bega la Hegvald, na Solbritt mbele yao akiwaamuru watu wapishe. Watakaoandika habari za mji huu na waandike kwamba siku hiyo lango lilipitwa bila upanga na bila utepe.

Jioni, baada ya keki ya wali na zafarani, Hegvald alitwaa mkasi mdogo ili amfumue mshindi, kama ilivyo kanuni. Disa alikataa. Hadi leo Bettan analala na gauni lake, na mkono wa kushoto Disa huuacha nje ya blanketi, ili apitaye auone.