Ngiri ya Mwenyekiti na Kifungu cha Nne

Umma unaarifiwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Julai 1997 wanawake katika hospitali yetu hapa Mwanza waliruhusiwa rasmi kuwa madaktari wa upasuaji, kwa sharti la kuchunguzwa kwanza. Mwanamke wa namna hiyo tulikuwa naye mmoja, Dakta Justa, aliyesomea upasuaji miaka minne na kufaulu. Kwa ajili yake iliundwa Kamati ya Usawa wa Jinsia katika Upasuaji: wanaume saba, na mimi katibu, niliyetoka chuo kikuu juzi na matumaini yangu yote.

Kamati ilitoa Mwongozo wa kurasa tisini. Kifungu cha nne kilisema mwanamke hatapasua mtu mpaka mjumbe ashuhudie upasuaji wake mmoja, kwa karibu, mwanzo hadi mwisho, na kujaza fomu. Wakati akisubiri, Dakta Justa angefunga vidonda na, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee kikaoni, angemimina chai.

Ikapita miezi minane. Mjumbe mmoja alikuwa na mafua. Mwingine alikuwa na semina Nyegezi. Bwana Ndalahwa alijitolea kishujaa, akafika mlangoni, akaona ndoo ya damu, akaanguka. Kila mwezi Dakta Justa aliandika barua ya kuomba aanze kazi, nami kila mwezi nilimjibu kwa moyo mweupe: "Ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

"Linafanyiwa kazi na nani, mdogo wangu?" aliniuliza siku moja, birika mkononi.

"Na Kamati, dada."

"Hawa wanaokula maandazi?"

Nilikagua orodha ya mahudhurio. Ndio hao.

Mwezi Machi tulialikwa semina ya usawa Sengerema. Madaktari wetu wengine wawili wa upasuaji, wanaume, walitangulia kuvuka ziwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Shigela, alipofika kivukoni Kigongo alimkuta mpiga chapa wetu, Bernadeta, akiinua katoni ya Miongozo, kama alivyoipandisha ghorofani kila wiki.

"Weka chini, mama. Hiyo si kazi ya mwanamke."

Akaiinua mwenyewe. Ngiri yake ya siku nyingi ikatoka, ikagoma kurudi.

Tulimrudisha mjini magoti yake yakiwa kidevuni kwa maumivu. Hospitalini, Dakta Justa alimpapasa mara moja tu.

"Utumbo umebanwa, mzee. Tusipopasua sasa utaoza."

"Daktari mwingine hayupo?"

"Wako ng'ambo. Wanatetea haki zangu."

"Lakini kifungu cha nne..." Mzee alihema. "Lazima awepo mjumbe."

"Wewe ni mjumbe, mzee," nikamkumbusha kwa adabu.

Akachomwa ganzi ya mgongoni, akabaki macho. Nikasimama kichwani pake na fomu, kitambaa mdomoni, machozi yakinilengalenga. Mwongozo ulikuwa unatekelezwa.

"Swali la kwanza. Mkono wa mwombaji unatetemeka?"

"Unaotetemeka ni wangu. Andika hapana."

"La saba. Mume wake ameridhia?"

"Nani alitunga upuuzi huo?"

"Wewe, mzee."

"Futa."

"Usijikaze, Mwenyekiti," alisema Dakta Justa bila kuinua macho. "Ndiyo kwanza naurudisha utumbo."

"La mwisho. Mjumbe alishuhudia kwa karibu?"

Mzee Shigela alinyoosha mkono apewe kalamu. "Karibu kupita kiasi."

Akasaini chali. Mhuri niligongea kifuani kwake, maana meza nyingine haikuwepo.

Asubuhi iliyofuata jina la Dakta Justa lilikuwa kwenye ubao wa upasuaji, wagonjwa watatu, peke yake. Chai ya kikao ilimiminwa na Ndalahwa, nayo ilinyweka. Dakta alipopita wodini, Mwenyekiti alimwita kwa sauti ya unyenyekevu ambayo Kamati haikuwahi kuisikia.

"Dakta, mwanangu, tangu jana sijala. Naomba walau uji."

Dakta Justa alisoma kadi ya kitandani mstari kwa mstari, akanitupia jicho, akaandika neno.

"Ombi lako limepokelewa, mzee," alisema, "na linafanyiwa kazi."