Bahari ya Malta, Digrii Kumi na Tano

Jumapili, 2 Novemba

Habari kubwa! Baada ya ibada, Mwalimu Triza, kiongozi wa kwaya yetu hapa mtaani Komarock, alisoma barua kutoka kanisa moja la Malta. Malta ni kisiwa, kiko katikati ya Bahari ya Mediterania. Wanatualika tukaimbe, Februari au Septemba, tuchague wenyewe. Tiketi kumi na sita. Siku moja watatupeleka kuogelea baharini.

Majina kumi na tano yakasomwa. Langu halikuwemo. Nafasi iliyobaki ni ya besi: mimi au Mugo, mfuga kuku wa Njiru, anayeimba kama mlango unaodai mafuta. Uamuzi Jumapili ijayo.

Akina mama wa soprano, wale wa sauti ya juu, wakauliza kama maji ya huko ni baridi. Nikasimama. Nikasema bahari naijua vizuri, nimeishi Malindi miaka minne. Mwalimu akafurahi sana. Akaniomba niandike mwongozo wa kuogelea, mwezi kwa mwezi. Nafasi ni yangu!

(Malindi sijafika. Maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona kwa macho yangu ni mafuriko ya Aprili, pale kwenye geti la mtaa.)

Jumatatu, 3 Novemba

Mwongozo tayari. Kurasa tatu. Nimeuandika kazini, nyuma ya marundo ya sponji. Kiwanda cha magodoro kina utulivu unaofaa utafiti.

Hesabu yenyewe rahisi. Februari, Komarock tunatokwa na jasho. Julai tunavaa sweta mbili. Basi Malta vilevile: Februari bahari ni vuguvugu, Julai na Agosti usiguse maji. Septemba baridi haijaisha. Pendekezo langu: Februari. Nimeongeza na habari za usalama. Bendera nyekundu ikipepea ufuoni ni makaribisho, ingieni kwa furaha.

Mke wangu Lydiah aliusoma huku akikatakata sukuma wiki. Akauliza haya yote nimeyatoa wapi. Nikamwambia bahari ni bahari. Akasema, "Haya, Baba Eve," kwa ile sauti yake.

Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi ya kwaya. Nikasoma mwongozo kwa sauti nzito. Makofi!

Kisha Mugo akatoa simu. Kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi. Akasema, samahani ndugu Kweyu, hapa wameandika kwamba huko majira ni kinyume na ya kwetu. Februari ni baridi, bahari ina digrii kumi na tano. Agosti ndiyo joto, ishirini na sita. Septemba bado ishirini na tano, na mawimbi huwa yametulia. Na bendera nyekundu maana yake usiingie, maji yatakubeba.

Wote wakanigeukia. Hapo ningeweza kukaa chini. Badala yake nikasema kumi na tano ndiyo hasa niliyokuwa nayo akilini. Kwa sisi tuliokaa pwani, kumi na tano ni maji ya kuogeshea mtoto mchanga.

Mwalimu Triza akauliza kama nina hakika, maana kuna mama wa miaka sabini kwenye safari hii. Nikasema naweza kukaa ndani yake dakika kumi nikiimba.

Mugo akasema kipimajoto anacho, cha banda la vifaranga. Na kanisa lina pipa.

Jumamosi. Saa nne asubuhi. Yesu wangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango umekamilika! Nimepata mipira miwili ya maji moto, ile ya kukandia mgongo. Nitaifunga tumboni kwa leso, ndani ya fulana. Mwili nitaupaka mafuta ya kupikia, baridi iteleze. Mugo hana akili ya kunigundua.

Lydiah anauliza mkebe wa mafuta umeenda wapi. Nimesema sayansi.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa chini ya blanketi tatu.

Manyunyu. Kwaya nzima imelizunguka pipa, kila mtu na mwavuli. Mugo amebeba barafu kutoka kwa muuza samaki. Kipimajoto kikasoma kumi na tano kamili. Nikapanda kistuli, nikaingia.

Baridi ile! Pumzi ilikatika. Lakini tumboni, joto tamu. Nikaanza ubeti wa kwanza. Nikatabasamu. Mwalimu akaanza kutikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo kifuniko cha mpira wa kwanza kikafunguka.

Maji ya moto yalishuka mahali ambapo maji ya moto hayapaswi kushuka. Nikatoa sauti. Akina mama wa soprano wanasema wao wenyewe hawajawahi kuifikia. Mpira wa pili ukachomoka, ukaibuka juu. Mugo akauinua kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa.

Nikataka kutoka. Magoti yalikuwa yamekwama, na kwa yale mafuta hakuna aliyeweza kunishika. Ilibidi walilaze pipa. Nikamwagika mbele ya kanisa kama uji.

Dakika moja na nusu, kwa saa ya Mwalimu. Mugo akanivisha sweta yake. Ina harufu ya kuku. Sikumshukuru.

Jumapili, 9 Novemba

Sauti imekauka kabisa. Hata kunong'ona siwezi.

Mwalimu akatangaza tunaenda Septemba. Kisha akasema jana jioni umekuja ujumbe mwingine. Tiketi ya kumi na sita imelipiwa na bibi mmoja mzee wa kanisa lile, na ana ombi moja tu: apewe mtu ambaye hajawahi kuiona bahari maisha yake yote.

Mugo akasimama pole pole, anatazama viatu. Akasema yeye hajawahi, zaidi ya kwenye simu.

Nikaruka juu! Nikapunga mikono! Watu wakacheka mpaka machozi. Miaka minne Malindi! Nikanyakua karatasi, nikaandika: HATA MIMI SIJAWAHI. Nikampelekea Mwalimu.

Akaisoma. Hakucheka.

"Ndugu Kweyu," akasema taratibu, "si ungesema tu?"

Tiketi imeenda kwa Mugo.

Nyumbani Lydiah akanichemshia tangawizi. Akauliza kwa nini sikusema ukweli Jumapili ile. Nikaandika kwamba mwanamume wa miaka arobaini na moja anaona haya. Akaniongezea tangawizi. Kisha akasema hata yeye hajawahi kuiona. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hatujawahi kuambiana! Akasema Desemba twende Mombasa, sisi wawili, tusimame pale tushangae kama washamba.

Nimeapa mbele yake, kwa maandishi na sahihi. Sitajifanya kujua nisichokijua tena. Najisikia mwepesi. Mtu mpya.

Jumanne, 11 Novemba

Sauti imerudi! Na siku yenyewe nzuri ajabu. Meneja alikuja chumba cha kulia akasema kiwanda kinapiga picha za tangazo: ngamia mzima atalala juu ya godoro letu jipya. Wanatafuta mtu wa kumwongoza. Picha yake itabandikwa barabarani kote.

Nikamwambia nimelelewa na ngamia.

Jama, dereva wetu, mzaliwa wa Garissa kwenye ngamia wengi, akaacha kutafuna. Akauliza ngamia wetu walikuwa wangapi. Nikasema wengi, na kila mmoja alinijua kwa jina. Akauliza ngamia huambiwaje alale. Nikasema kwa heshima.

Kazi ni Ijumaa. Hakuna la kuogopa. Kikubwa ni kutosimama nyuma yake.

Au ni mbele?