Mkutano Nilioutunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kaniibia tena! Wiki arobaini nimeandika habari za mtaro wa maji machafu uliopasuka mlangoni kwa mama. Arobaini! Magazeti makubwa yanaujua mtaa wetu siku za uchaguzi tu. Langu lina kurasa nne, lakini maji yale nimeyakanyaga kwa miguu yangu. Sasa mume wa dada yangu, naye kafungua kijigazeti chake, anatoa habari zangu kabla yangu. Mpiga chapa wetu ni mmoja. Shemeji anatoka Jumatano, mimi Ijumaa jioni. Anaingia pale kama anasalimia, anasoma kurasa zangu mezani, anaondoka nazo kichwani. Hana haya wala soni. Na mama anamsifu, eti mkwewe anapata habari mapema. Mapema!

Jumanne, 4 Juni
Nimemtegea. Nimeacha kwa mpiga chapa ukurasa wa uongo mtupu: Ijumaa saa nane mchana, mhandisi wa manispaa atakuwa ukumbi wa mtaa kujibu maswali ya mtaro. Thubutu! Yule hajibu hata salamu. Mke wangu kauliza itakuwaje watu wakienda. Nikamwambia ndiyo raha yenyewe: waende, wamzomee aliyewaita. Akaguna, akaendelea kupiga pasi.

Jumatano, 5 Juni
Kaingia mzima mzima! Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa, na chini yake ati "tumethibitisha". Umethibitisha na nani, mwizi we? Roho yangu kwatu. Mama kashaanza kutafuta viatu vya kwenda ukumbini. Imeniuma kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Ukurasa wa uongo nimeuondoa. Lakini mpiga chapa anataka kurasa zote leo, na mkutano ni kesho. Shida iko wapi? Mwisho wake naujua, mimi ndiye niliyeutunga. Nimeandika: MKUTANO HEWA! MHANDISI HAKUONEKANA, WAKAZI WACHACHAMAA. Nimeeleza hata jua lilivyowachoma. Chapa!

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshinda nyumbani, miguu juu ya kiti. Nikafanye nini kwenye mkutano usiokuwepo?

Saa kumi na mbili jioni mama kaingia, sauti imemkauka. Mhandisi alikuja! Alisoma gazeti la shemeji, akadhani mkuu wake ndiye aliyeitisha mkutano, akaja mbio na ramani kwapani. Watu wakamkalia kooni. Mama akamkaribisha chai mlangoni kwake, penye ile harufu, aone kama itapita. Akaahidi mafundi Jumatatu, akatia saini mbele ya ukumbi mzima. Kipaza sauti alishika nani? Shemeji! Na watu wanatoka ukumbini, gazeti langu liko barabarani linasema mhandisi hakuonekana. Muuza magazeti kanirudishia bunda zima. Anasema wamemcheka mpaka kaona aibu.

Mama kalisoma polepole, mpaka lile jua. Kisha akalikunja.

"Mwanangu, mtaro huu umeupigania wewe. Leo ulikuwa wapi?"

Nilitaka kulia kwa hasira.

Jumatano, 12 Juni
Mafundi wanachimba mlangoni kwa mama, siku ya tatu leo. Harufu imepungua kweli. Shemeji kapigwa picha kashika koleo. Koleo! Mtu ambaye hata ndoo hajawahi kubeba! Mtaro wangu ule! Nimekaa na hasira tangu Ijumaa, nimefikiri, na kosa langu nimeliona: nilichagua mtu mwoga.

Safari hii sikosei. Jana nilimwachia ukurasa mwingine: Ijumaa saa nane, meneja wa umeme atafika mwenyewe ukumbini kueleza kwa nini mtaa wetu hauna taa. Yule haji hata abebwe. Leo shemeji kautoa, ukurasa wa kwanza, "tumethibitisha". Mama kashapiga viatu rangi, kaniomba nimsindikize. Nimemwambia sina nafasi. Habari ya mkutano nimeshaiandika.