Vitenzi Vyenye Mkia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwalimu Naftaly anatimiza miaka themanini na mitano! Sisi wanafunzi wake wa darasa la saba, mwaka wa 1982, tunamfanyia sherehe nyumbani kwake Njoro Jumamosi. Mmoja wetu atahutubia kwa niaba ya wote. Mtu huyo ni mimi, ila wenzangu hawajajua bado.

Kipyegon naye anataka. Kipyegon! Ana lojing'i, nyumba ya wageni, pale Salgaa na spika kubwa, basi anadhani ana maneno. Ameandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Boss Elphas, wewe kaa tu. Hiyo speech iko na mwenyewe." Nimemjibu kwa dole gumba. La kejeli.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua sanduku la bati la marehemu mama nikitafuta tai. Nikakuta daftari langu la Kiingereza! Bado linanuka mafuta ya taa. Nimekaa sakafuni saa nzima, redio za wateja ninazotengeneza zikanisubiri.

Kila Ijumaa Mwalimu alitupa vitenzi kumi vyenye mkia. Ndivyo alivyoviita. "Look" peke yake ni kutazama tu. Kiongezee mkia, "look after", na mnyama amebadilika: sasa unalea. "Give" ni kutoa, "give up" ni kukata tamaa. Hakutaka tukariri. Kila kitenzi ukitie kwenye sentensi ya kweli kutoka kwenu nyumbani. Uongo aliunusa akiwa bado mlangoni.

Nami nilipata kumi kwa kumi! "My grandmother looks after a cow called Malkia." Halafu: "Malkia lost one horn but she did not give up." Na hii: "When it rains in Kuresoi, grandmother puts off her journey and tells us stories." Nyanya, ng'ombe wa pembe moja, hadithi za wakati wa mvua: machozi yakanitoka. Utoto ulikuwa mtamu jamani! Ajabu ni kwamba nyanya huyo simkumbuki vizuri. Uzee huo.

Mpango umejileta wenyewe. Nitasoma sentensi hizi mbele ya watu. Kipyegon atabaki na spika yake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia Jerotich, mwenyekiti wetu. Tulikaa dawati moja mwaka mzima, na mwaka mzima sikumwambia yaliyo moyoni. Nikamweleza kuhusu daftari. Akasema lake lilipotea walipohama, na angetoa chochote kuliona tena. Hotuba ni yangu! Kipyegon alete vyombo tu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kioo kimefurahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Aibu. Aibu.

Nilianza vizuri. Sentensi ya nyanya, makofi. Mwalimu akafumba macho, akitabasamu. Nikasoma ya Malkia na pembe yake moja. Jerotich akasimama. Akauliza kwa upole nimemjuaje huyo ng'ombe, maana ni ng'ombe wa gogo yake, nyanya yake mwenyewe, wa Kuresoi.

Mwalimu akafumbua macho na kuuliza ng'ombe wangapi walikuwa wanaenea kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, nilikolelewa mimi. Watu walicheka hadi mandazi yakawakwama. Kipyegon akanisogezea maikrofoni ili nijibu. Mshenzi!

Mwalimu akainua fimbo yake ya kutembelea. Adhabu: sentensi kumi, za kwetu, za kweli, mikononi mwake Ijumaa. Nina miaka hamsini na saba!

Jerotich hakunigombeza, na hapo ndipo paliponiuma. Aliniomba daftari. Gogo yake hakuacha hata picha moja. Akasoma palepale amesimama, midomo ikicheza, akifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Nikampa abaki nalo. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamwambia chai inapoa.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike ukweli, maana hapa hapasomwi na mtu. Nyumbani tulikuwa saba, chumba kimoja. Ijumaa ya kwanza nilitazama zile kuta nikaona hakuna cha kuandika. Jerotich alikuwa na milima, mvua na ng'ombe. Nikageuza macho kidogo tu, kwenye daftari lake. Nikayaacha hukohuko mwaka mzima.

Leo nimejaribu. "My mother, Anyango, got up before the first train." Nikaendelea: "When the lamp went out, she carried on singing so that we would not be afraid." Na ya tatu: "I never found out when she slept." Mama aliyeamka kabla ya treni ya kwanza, aliyeimba taa ikizimika ili tusiogope, na sikujua kamwe alilala saa ngapi! Nimelia, redio ya mteja ikalowa. Natamani kile chumba. Natamani hata ule moshi.

Zimebaki saba.

Alhamisi, 14 Agosti

Bado zimebaki saba.

Nimempigia Kipyegon. Kumbe ni rafiki mwema! Daftari lake la mwaka ule analo, na bila maringo amenitumia picha za kurasa zote. Akaongeza vikatuni kumi na viwili vya kucheka. Sijui anachekea nini.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemaliza! Kumi kamili, mwandiko safi. Zile tatu za mama nimezitoa. Chumba kimoja, hata kuku hakuna. Mwalimu angenipa nne tu. Nimeweka za Kipyegon, ni tamu ajabu. Sikujua kwamba yeye pia alikuwa na nyanya Kuresoi, na mvua, na ng'ombe mwenye pembe moja. Watu wa kule wanafanana sana! Lakini mimi si mjinga tena. Ng'ombe nimempa jina jipya, Fancy, na pembe zote mbili. Nani atajua?

Naondoka sasa kwenda Njoro. Jerotich amenitumia ujumbe kwamba naye atakuwepo, hajalala vizuri akingoja kusikia habari za mama yangu, maana Jumapili nilimdokezea. Itabidi aridhike na Fancy.