Kufuli la Sita B

Jumatatu, 5 Mei
Aibu! Matokeo ya jaribio la hisabati yamebandikwa ofisini. Sita A ya Mwalimu Jenista: wastani hamsini na nane. Sita B yangu: thelathini na moja. Jenista kanipa pole mbele ya walimu wote. Pole! Kama nimefiwa.

Jumanne, 6 Mei
Dawa imepatikana. Nimeona kwenye simu: wanafunzi wanafungiwa darasani kwa mchezo. Kila swali linatoa tarakimu moja, tarakimu zinafungua kufuli, wanatoka. Nimemwagiza dereva wa Hiace kufuli la namba kutoka Tunduma. Nimemwalika afisa elimu kata, Bwana Lwitiko, aje Alhamisi. Jenista nimemwambia achungulie dirishani akipenda.

Jumatano, 7 Mei
Kufuli limefika. Linang'aa! Maswali matatu nimeyatunga nikinywa chai. Chai haikupoa.

Alhamisi, 8 Mei


Nilifunga mlango kwa ndani. Wanafunzi arobaini na wawili, Bwana Lwitiko kiti cha mbele. Watoto wakachangamka, hata wale wa nyuma wasiogusa kalamu! Robo saa tu, wana tarakimu zote: 4, 6, 9. Kufuli likagoma. Nikasema wamekosea, warudie. Wakarudia. 4, 6, 9. Likagoma.

Kengele ya chakula ikalia. Harufu ya makande ikaingia. Sita A wakapanga foleni, wanatutazama. Swali la pili alilifanya Erica, binti mpole wa dawati la tatu. Nikamsimamisha mbele. Nikasema huyu ndiye anayewanyima wenzake chakula. Wakamzomea. Sikuwazuia.

Kisha nikazungusha mwenyewe: 4, 2, 9. Likafunguka! Nikatamba. Hakuna aliyetoka.

Erica akasema polepole, machozi yakimtoka: "Lakini mwalimu, nane toa nne gawanya kwa mbili. Si tunaanza kugawanya?"

Bwana Lwitiko akageukia ukutani. Bango kubwa: MAGAZIJUTO. Kugawanya kabla ya kutoa. Mwandiko wangu mwenyewe! Nami nilianza kutoa. Bwana Lwitiko akafunga daftari lake, akaomba maji ya kunywa.

Ijumaa, 9 Mei
Jenista hajanicheka. Afadhali angecheka. Kumbe jana ndiye aliyewawekea watoto wangu makande yao kwenye beseni, akalifunika yasipoe. Nimeshindwa hata kumtazama usoni.

Nimemwita Erica nyuma ya stoo, pasipo watu, nikamwomba radhi. Akaniitikia vizuri. Halafu akauliza, "Na wenzangu utawaambia, mwalimu?"

Nikajibu Jumatatu. Nikaona uso ukiniwaka mtu mzima mimi.

Jumatatu, 12 Mei
Nimewaambia. Nilikohoa mara tatu kwanza. Erica alikuwa sahihi, mimi nilikosea, na sikupaswa kumsimamisha.  Kisha wakampigia makofi Erica, akaficha uso kwenye daftari. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nikapumua.

Wakaomba mchezo tena! Tena! Nimepanga Jumatano, makufuli mawili, maswali kumi. Nimeshaalika kamati nzima ya shule pamoja na wazazi.

Erica akanifuata mlangoni. Akauliza kwa adabu kama ayapitie maswali kwanza. Nimemshukuru sana. Nikamwambia asijisumbue, bado sijayatunga. Nitayatunga Jumatano hiyohiyo, wageni wakiwa wanakaa.