Mgongo Usiouma

Jumatano, 4 Februari

Damu tena. Asubuhi, chooni, kabla hata ya chai. Wiki ya nne sasa, na tumbo linanikata. Nikamwaga ndoo nzima ya maji, kisha nyingine. Mke wangu Hellen akauliza kutoka jikoni kama naosha choo au naosha basi. Nikamjibu kwamba mtu wa Mungu hupenda usafi.

Naogopa. Mimi Zadok Owiti, fundi wa injini za mitumbwi, mtu mzima mwenye ndevu, naogopa kufa kwa ugonjwa ambao hata kuutaja siwezi. Basi, nimeandika.

Zahanati siendi. Nesi wa pale ni Rose, anaimba kwaya moja na Hellen. Tena mwisho wa mwezi kanisa linachagua mzee mpya, na wanaotajwa ni wawili: mimi, na Shigela mwenye mitumbwi ya dagaa. Nani atampa uzee mtu wa damu chooni? Watu wa mwaloni, hapa mitumbwi inaposhushia samaki, nawajua. Ukikohoa tu, wameshaanza kuchangia jeneza.

Jioni ibada ya nyumbani, zamu ya Shigela. Mchungaji Sabina katangaza kwamba Jumapili ni maombezi ya wagonjwa. Kila mgonjwa atapita mbele, atataja ugonjwa wake kwa kinywa chake, wazee watampaka mafuta. Ndivyo alivyoagiza Yakobo, akasema: mgonjwa awaite wazee, siyo wazee wabahatishe. Akasema Mungu anaweza kuingia hata mlango ukiwa umefungwa, ila mwenye nyumba akifungua mwenyewe inapendeza zaidi. Wote tukasema amina. Shigela akasema amina mbili. Mtu wa kujipendekeza sana yule!

Alhamisi, 5 Februari

Nimepata njia! Nitataja mgongo.

Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Unaonyesha kwamba mtu amefanya kazi. Tena mgongo na mahali penyewe ni majirani wa ukuta mmoja. Wazee wakipaka mafuta mgongoni, yatateremka yenyewe. Mungu si mgeni mjini, atajua aingie wapi. Na uongo sijasema. Nimetaja mtaa, sikutaja nyumba.

Nikaanza mazoezi wakati wa chakula cha mchana. Nikainuka nimeshika kiuno, nikasema uuwi. Hellen akaniangalia kitambo. Akauliza kama kuna kingine nataka kumwambia. Nikasema mgongo tu. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia, mama Favour, nimesema mgongo, unataka niseme sikio?

Akaenda kuleta dawa ya kuchua. Ile ya chupa nyekundu, yenye moto. Akachua kwa nguvu zote, sijui alikuwa na hasira gani. Dawa ikateremka. Ikafika mahali penyewe. Yawa! Nilizunguka nyumba mbio, majirani wakatoka nje.

Lakini angalau nimethibitisha. Kitu cha majimaji kikipakwa mgongoni kinafika.

Hellen kasema wenye mgongo hawalali kwenye godoro. Nimetandikiwa mkeka chini. Yeye kalala kitandani kwa kujinyoosha.

Ijumaa, 6 Februari

Mashaka yameniingia. Itakuwaje kama Mungu ni mtu wa taratibu? Umeomba mgongo, umepewa mgongo, faili limefungwa.

Nikapata wazo la pili, bora kuliko la kwanza. Busisi, ng'ambo ya maji, kuna mkutano wa injili, muhubiri katoka Kigoma, hanijui, simjui. Naombewa kule, naponea kule, narudi nyumbani Pasiansi mzima na siri yangu. Nikamuaga Hellen kwamba nafuata spea. Nikavaa kofia ya kufunika uso. Zamani ungesubiri kivuko hadi ukatubu. Siku hizi ni daraja, unavuka kabla hujabadili mawazo.

Uwanja ulijaa. Nikajibanza nyuma kabisa. Muhubiri akasema wenye magonjwa ya siri wasihangaike kuyataja. Moyo ukafurahi! Mtu wangu huyu! Kisha akasema, kila mmoja aweke mkono wake pale anapoumwa.

Pale!

Nikatazama kulia, akina mama wameshika vichwa. Mbele yangu mtu kashika goti. Nikapeleka mkono nyuma polepole, kama mtu anayepapasa mfuko wa suruali. Nikafumba macho. Muhubiri akaanza kuomba kwa sauti ya kutetemesha spika. Nikasema Bwana, ni hapohapo, usihangaike kutafuta.

Nikafumbua jicho moja. Kushoto kwangu mwanaume mwingine, kofia usoni, mkono nyuma. Akafumbua jicho lake.

Shigela.

Tukaangaliana. Mikono yetu bado iko nyuma. Akasema anatafuta pochi yake. Nikasema hata mimi yangu siioni. Akasema kaja Busisi kuangalia bei ya sato. Nikasema spea. Tukaachana kila mtu na njia yake, na kwa haraka ile sikusubiri hata amina. Kwa hiyo sijui kama maombi yamehesabiwa.

Lakini yeye kilimpeleka nini kule? Mtu mwenye mambo ya kuficha hafai uzee. Nitalifikisha kwa wahusika.

Jumamosi, 7 Februari

Damu. Maombi hayakuhesabiwa.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwisha.

Ibada ilianza vizuri. Nilikaa kiti cha kwanza ili niwe wa kwanza kuitwa, watu waone ujasiri. Nikapita mbele nimeinama. Mchungaji Sabina akaniuliza naumwa nini. Nikasema kwa sauti ya mzee mtarajiwa: mgongo! Mzee Ngosha, ndiye mkubwa wa wazee wetu, akaleta chupa ya mafuta. Nikainua shati mwenyewe na kuwaonyesha kiunoni, chini, chini kidogo tena. Akanipaka tone moja. Kwenye paji la uso!

Nikamwambia kwa kunong'ona, shikamoo mzee, mgongo uko huku. Akasema marahaba, mafuta ya kanisa yanapakwa usoni, toka Yakobo. Toka usoni hadi kule ni safari ndefu. Nilisikia tone linaishia puani.

Akafuata Shigela. Nikatega sikio, nikijua atataja kidonda cha kidole au mafua. Akasimama. Kisha akasema mbele ya kanisa zima, wake zetu wapo, watoto wapo: napata choo cha damu, tangu kabla ya Krismasi. Nimeficha hata kwa mke wangu. Nilikwenda mpaka Busisi ili niombewe nisikojulikana, na kule nako nikamdanganya mtu. Nimechoka. Naogopa kufa.

Nikasema moyoni, haya, uzee umenijia wenyewe.

Ndipo akainuka Obedi mvuvi, akasema hata mimi. Akainuka mpara samaki mmoja, akasema hata mimi, na mwanangu pia. Wakainuka wengine nyuma. Nusu ya wanaume wa mwaloni wamesimama! Hakuna aliyecheka. Mke wa Shigela alikwenda mbele akamshika mkono mumewe, akalia, na kanisa likalia naye. Mchungaji akawapaka mafuta wote, mmoja mmoja, akaomba hadi sauti ikamkauka. Kisha akawaambia kwamba kwa anavyosikia, hicho ni kichocho, kinaingia kwa ngozi pale mtu anaposimama ziwani, na kesho asubuhi wote waongozane hadi zahanati. Akasema mafuta na vidonge si wake wenza, hawagombani.

Na mimi? Nimeshasema mgongo! Wenzangu wamesimama pamoja, wanakumbatiana, wanapona kwa kundi. Mimi nimekaa peke yangu na mgongo usiouma.

Hellen alinitazama muda wote wa wimbo wa mwisho. Nikashika kiuno.

Jumatatu, 9 Februari

Mpango mpya: msindikizaji. Mtu mwema anasindikiza wagonjwa, anaingia nao, anatoka na vidonge. Nani atauliza?

Rose aliuliza. Aliuliza mlangoni. Nikamwambia nimekuja kuwatia moyo ndugu zangu. Akagawa vikopo vya choo. Nikachukua kimoja, nikasema ni cha Shigela, ana aibu. Shigela akatokea nyuma yangu na kikopo chake mkononi, kimejaa, akasema aibu iliisha jana. Watu wakacheka kwa furaha, siyo kwa dhihaka. Sijui wamepatwa na nini watu hawa. Jana walikuwa wanakufa.

Vidonge vinatolewa kwa urefu wa mtu. Kuna mti umesimamishwa ukutani, una alama: mtu akisimama hapo, Rose anaona alama ya kichwani, anahesabu vidonge. Nikapenya kwenye foleni. Nikasimama kwenye mti, nimejinyoosha ili nipate vya kutosha. Rose akanitazama akasema, wewe si wa mgongo? Mbona umenyooka hivyo?

Ikabidi nipinde papohapo. Akaniita pembeni, akanibonyezabonyeza mgongo wote, akasema ni mgongo mzuri kuliko yote aliyoiona wiki hii. Kanipa panadoli na kunishauri niache kulala chini.

Jioni tumbo limenikata sana. Nilikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba nikatazama ziwa. Nikaomba kweli, bila mipango. Nikasema Bwana, kama ni kufa, basi iwe haraka. Kisha nikaona nimekosea, nikasema isiwe haraka sana.

Jumanne, 10 Februari

Hellen kaweka nguo mezani, mahali pa chai. Chupi zangu. Zote, zimekunjwa.

Akasema: baba Favour, nimekaa na wewe miaka kumi na minane. Hujawahi kufua hata leso. Tangu Januari unaamka alfajiri, unafua chupi zako mwenyewe, unaanika nyuma ya jiwe. Ulidhani naona nini? Malaika?

Akasema aliona damu kabla sijaiona vizuri mimi. Aliniuliza Alhamisi mara mbili, mara zote mbili nikasema mgongo. Akamwambia Mungu kwamba yeye hataniuliza mara ya tatu, atangoja nifungue mwenyewe. Jumapili Shigela aliposimama akadhani sasa nitasimama na mimi. Nikashika kiuno.

Akasema alijua ni kansa. Akasema msiba wangu ameshaulia, peke yake, jikoni, moshi ukisingiziwa. Ameshapanga hadi atakavyomwambia Favour, shuleni kule Tarime.

Nililia. Nilimwambia yote, tangu siku ya kwanza, hadi mkono wa Busisi. Pale kwenye mkono akacheka huku machozi yanatoka, akanipiga begani na chupi.

Kisha akanishika mkono tukaenda zahanati. Alisema mwenyewe, mlangoni: mume wangu anapata choo cha damu. Dunia haikupasuka. Rose akanipa kikopo. Majibu: kichocho, kama wenzangu. Nikasimama kwenye mti kwa haki yangu. Vidonge vikubwa, vichungu, vinywe baada ya kushiba. Hellen alisonga ugali mkubwa, akanisimamia hadi kidonge cha mwisho.

Rose kasema nirudi nipimwe tena, na nisisimame majini bila gambuti.

Nimelala kitandani.

Jumapili, 22 Februari

Nimepona. Siku kadhaa hakuna damu, tumbo limetulia, nakula kama mtu wa mavuno. Nimemshukuru Mungu kwa magoti, kwa kweli kabisa.

Leo ilikuwa siku ya shuhuda. Kundi la kichocho lilipanda lote madhabahuni, wakaimba. Shigela amechaguliwa mzee wa kanisa, kura karibu zote. Eti kwa uwazi wake. Uwazi! Na mimi ningekuwa na uwazi kama ningepangwa baada yake.

Hellen akanigusa kiwiko, akasema nenda. Nikaenda. Naapa nilikwenda kusema ukweli. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilipogeuka kutazama watu, Mchungaji Sabina akauliza kwa furaha: ndugu Zadok, na ule mgongo je?

Kanisa zima likanitazama mgongo.

Nikasema, umepona! Nikainama nikagusa vidole vya miguu. Vigelegele! Nikainama tena. Mpiga ngoma akaingia. Nikaruka kichurachura kutoka madhabahuni hadi mlangoni na kurudi. Nikaeleza ulivyokuwa ukiuma, jinsi lile tone la mafuta lilivyoshuka kama moto kutoka usoni, pingili kwa pingili. Watu walilia. Hata mimi machozi yalinitoka. Hellen alijifunika uso kwa kitenge.

Baada ya ibada Mzee Ngosha akanivuta kando. Hakuwa na chupa ya mafuta leo. Akasema tangu alipoangukiwa na mtumbwi akiwa kijana, mgongo wake haujalala usiku hata mmoja. Hajawahi kumwambia mtu, maana anayewapaka wengine mafuta atasemaje yeye haponi? Lakini leo ushuhuda wangu umemfungua. Akashika mikono yangu miwili, mzee wa watu, akilia mbele yangu, akaniomba nimfundishe nilivyoamini.

Niliumia. Niliumia sana. Nikafungua kinywa nimwambie.

Akasema pia kwamba mwakani inabaki nafasi nyingine ya uzee, na neno lake halijawahi kupingwa.

Hellen anauliza tangu tumefika nyumbani tulikuwa tunaongea nini. Nimemwambia salamu tu. Mzee anakuja Jumatano jioni. Nina mpaka Jumatano kutafuta mgongo wangu ulipona vipi.