Kalasi ya Joyeuse Kule Gare

Lundi, tarehe 1 mwezi wa tatu 1993

Mi Mukalay, miaka sabini na moja. Nimezika bibi wawili, machef watatu wa kizungu na vita mbili za hapa Kolwezi. Hata mushahara wa kampuni umekufa mbele yangu. Mi niko!

Leo binti yangu Godelieve amelia. Kalasi ya batoto wadogo imefungwa. Mwalimu wao, Mama Mianda, amefukuzwa kwa sababu ni mutu wa Kasai, na siku hizi hapa Kolwezi anayewasaidia anaitwa musaliti. Yuko gare na benzake, wanalala chini, wanangoja treni. Sasa Godelieve anataka kupeleka mutoto wake Joyeuse, miaka minne, Mutshatsha kwa mama-mukwe, kule masista wanafundisha. Joyeuse! Ndiye mutu wa pekee nyumba hii anayecheka nikisema kitu. Nikasema: mi nkambo wake nitamufundisha hapahapa. Godelieve akauliza: Tata, na herufi gani? Zako hata mi sizisomi. Nikasema nimeongoza batu mia mbili shimoni mwa mugodi, huyu ni mumoja tu. Amenipa mpaka dimanche ya tarehe 14. Asipojua herufi, anaondoka.

Mardi, tarehe 2

Tumeanza kwa pointage, kama kazini. Nimepiga filimbi, nikaita jina, akaitika. Vizuri. Lakini hakuna kuingia kazini bila kofia ya chuma, basi nikamuvalisha yangu. Ikamumeza mpaka mudomo. Akagonga mulango, akalia. Nikaandika A ukutani na makala. Akasema: Nkambo, hii imelala. Nikasema imechoka. Akasema herufi za Mama Mianda hazichokagi.

Kisimba, jirani, alikuwa anachungulia juu ya ukuta. Huyu nilimuamuru kazini miaka kumi. Leo ananicheka na meno yote, na hayako mengi.

Jeudi, tarehe 4

Akili! Nimeficha bunga ya mahindi chini ya koti, Joyeuse mugongoni, tukapita njia ya nyuma mpaka gare. Batu, masufuria, magodoro, mvua. Mama Mianda amekaa juu ya valizi, plastiki kichwani. Joyeuse akamurukia shingoni. Nikasema nimepita tu. Akasema: Tata Mukalay, hapa hakuna mutu anayepita na bunga. Akafundisha palepale, kijiti ndani ya matope. Djamila, mama wa bitumbuwa, akauliza mi niko kalasi ya ngapi, maana midomo yangu inafuata. Nikasema nakagua.

Mardi, tarehe 9

Joyeuse amesoma karatasi ya sabuni! Godelieve amenishukuru kwa kupiga magoti. Nimetangaza njia nzima kwamba haya ni mafundisho ya shimoni, kofia na filimbi. Kisimba uso umekunjamana kama fulana iliyokamuliwa. Akaomba siri. Nikasema siri ni damu.

Gare tunaenda kila asubuhi. Mama Mianda anakohoa sasa. Leo nilisahau bunga, kwa sababu ya furaha. Akachukua kijiti. Akafundisha.

Samedi, tarehe 13

Treni imekuja. Kisimba akaniita twende kutazama. Ningekataa! Lakini ningetoa sababu gani? Nilikuwa na Joyeuse mabegani. Vijana wanapiga miluzi, wanaimba matusi. Mama Mianda, mulangoni mwa behewa, akaniona. Akainua mukono, akaita: Tata Mukalay! Tata Mukalay, leta mutoto nimuage!

Kisimba akageuka. Wengine wakageuka. Kisimba akauliza: unamujua huyu?

Nikasema: simujui. Hawa wanaita kila mutu tata.

Joyeuse akapaza sauti, akaita jina lake. Nikamufunika mudomo na mukono. Mukono huu ninaoandika nao. Mama Mianda akanitazama, akashusha mukono wake. Hakunitukana. Heri angalinitukana!

Dimanche, tarehe 14

Joyeuse amesema herufi zote, hata moja haikulala. Haendi Mutshatsha. Godelieve amechinja kuku wa mwisho, Kisimba amealikwa, amekuja na njaa yake. Akauliza mutoto: nani amekufundisha hivi? Ni huyu nkambo wako?

Joyeuse akanitazama juu ya sahani ya bukari. Akasema: simujui.

Batu walicheka mpaka machozi. Mi pia nilicheka. Paja langu la kuku nikamupa Kisimba. Tangu hapo mutoto hajanisemesha. Nimemuchekesha na masikio, nimemuchekesha na kofia. Bure.

Lundi, tarehe 15

Nimefikiri sana juu ya aibu hii, na dawa yake nimeipata. Kisimba analeta bajukuu wake wawili kesho, wafundishwe kofia na filimbi. Niliitika haraka, sina mwalimu. Lakini wanasema gare kumebaki batu wanaongoja treni inayofuata, na kati yao kuna mwalimu wa hesabu, baba mupole. Nitamupelekea bunga. Safari hii nitamuambia mapema, kiume: mbele ya batu, tusisalimiane.

Anayebisha kwamba mi ni mwalimu, aulize Djamila wa bitumbuwa. Ameniona pale kila siku. Ya samedi asimuulize.